Ukakasi wa Makutupora

Tanzania ina Makutupora mbili, nami nusura niende kwenye ile isiyokuwa yangu. Nilisimama dirishani pa tiketi, stesheni ya treni ya umeme Dar es Salaam, nikamwambia binti aliyekuwa nyuma ya kioo kwamba naomba tiketi ya Makutupora. Jina hilo nilikuwa nalisikia kila mara kwenye habari za reli mpya: kipande cha kwanza Dar es Salaam hadi Morogoro, cha pili Morogoro hadi Makutupora. Nikaona mambo yangu yamenyooka.

"Kaka, treni ya abiria inaishia Dodoma," alisema. "Na hiyo Makutupora ya reli ipo Manyoni, mkoa wa Singida. Unaenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Naenda kwenye zabibu."

Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaangua kicheko. "Zabibu ziko Makutupora ya Dodoma, mwanangu. Ukishuka, shika barabara ya Arusha. Manyoni utakwenda kutafuna vumbi."

Safari hii ilizaliwa na aibu. Wiki tatu kabla ya hapo rafiki yangu alinialika kwake Jumapili, akafungua chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma na kunimiminia. Nilipiga funda moja, uso ukakunjamana wenyewe. Ulimi ulikauka kana kwamba nimeupangusa kwa kitambaa, ufizi ukabana. Nikauliza kama kuna soda ya kuchanganyia. Rafiki yangu akaivuta bilauri yangu upande wake wa meza. "Huu ni mvinyo mzito," alisema. "Wewe umezoea sharubati."

Alikuwa amenipatia kabisa. Mimi ni mtoto wa Muheza, na utotoni nilikuwa mtumikiaji altareni. Divai ya misa tuliijua kwa harufu, na siku moja moja, padre akiwa ameshaondoka, kwa ncha ya kidole: tamu, nzito kama asali iliyoongezwa maji. Nilipokua nikakuta baa wanaiita waini, na vitabuni ni mvinyo, neno tuliloachiwa na Wareno kutokana na vinho yao. Majina matatu, lakini wengi wetu tunakijua kinywaji hiki kwa ladha moja tu, nayo ni utamu. Nikaamua kwenda kuuliza ule ukali umetoka wapi.

Treni haichukui hata saa nne kufika Dodoma. Ukitoka Morogoro, Uluguru inabaki nyuma, mahandaki ya Kilosa yanakumeza na kukutapika, kisha ukishapita Gulwe nchi inabadilika rangi mbele ya macho yako. Kijani kinakwisha. Agosti hii mibuyu haina jani hata moja, imesimama mikono juu katikati ya mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, na mito yote ni mchanga mtupu. Abiria mwenzangu, aliyekuwa akienda kufuatilia barua yake wizarani, alichungulia nje akasema, "Huku mtu anawezaje kulima?" Nami nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Swali hilo lina uzito kuliko tulivyodhani. Vitabu vya kilimo huiweka mizabibu ya mvinyo kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka Ikweta, kaskazini na kusini: Ufaransa, Italia, Uhispania, Chile, Rasi ya Afrika Kusini. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini. Mvua zake kwa mwaka wa kawaida ni chini ya milimita 600, na karibu zote zinamwagwa kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua. Kinachoiokoa ni mwinuko. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo mchana unachoma lakini usiku wa Juni na Julai unatafuta blanketi. Jua la mchana linaijaza zabibu sukari. Ubaridi wa usiku unaizuia isipoteze uchachu wake wote. Mvinyo usio na uchachu huwa umepooza kama chai iliyolala.

Asubuhi ya pili nilipanda daladala ya barabara ya Arusha. Tulipita Msalato, tukapita Veyula, na mizabibu ikaanza kuonekana pembeni mwa barabara: mistari iliyonyooka, nguzo za miti, nyaya zilizokazwa, na juu yake majani mapana yanayofanana na kiganja cha mtoto. Mwenyeji wangu alikuwa akinisubiri chini ya mwembe, mzee wa Kigogo mwenye kofia ya pama na mkasi wa kupogolea uliochomekwa mfuko wa nyuma.

"Mbukwenyi!" aliita kutoka mbali.

Nilijibu vivyo hivyo kwa lafudhi ya Muheza, akacheka, kisha nikamwamkia ninavyojua. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye vumbi lenye faida."

Shamba lake ni ekari mbili. Baba yake, alinieleza, alikwenda kijana kufanya kibarua Bihawana, upande wa pili wa mji kwenye barabara ya Iringa, ambako mapadre wa Kiitaliano walikuwa wamepanda mizabibu kwa ajili ya misa. Katikati ya karne iliyopita ndipo zao hili lilipoingia Dodoma, na lilipitia mlango wa sakristia. Wafanyakazi wa misheni waliona jinsi pingili zinavyokatwa na kupandwa, wakarudi makwao na ujuzi, wengine na pingili zenyewe. Miaka ya 1970 ilipokuwa inaelekea mwisho, serikali ikaanzisha kituo cha utafiti wa zabibu hapa Makutupora, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. Jina la kijiji likawa jina la zabibu yenyewe: aina nyekundu inayoongoza huku inaitwa Makutupora. Mkulima hata hatumii jina hilo. Kwake kuna "nyekundu" na kuna "nyeupe", na nyeupe yake ni Chenin Blanc, ambayo kwao kwa asili ni bonde la mto Loire, Ufaransa.

Nilimuuliza mzee swali la yule abiria wa treni. Hakunijibu. Aliniongoza hadi mstari wa mwisho, aliokwisha kuuvuna wiki mbili nyuma, akashika tawi moja lililokomaa, la rangi ya ngozi ya kiatu. Akaanza kuhesabu kutoka kwenye shina kwa ncha ya mkasi: jicho la kwanza, jicho la pili. Jicho ni kile kijivimbe kidogo pale jani linapoungana na tawi, hakizidi punje ya mtama. Juu kidogo ya jicho la pili akaweka mkasi kwa mshazari. Kach! Tawi la urefu wa mkono wangu likaanguka chini, pakabaki kisiki cha urefu wa kidole. Pale kwenye jeraha, baada ya kitambo, tone la maji safi likajitokeza na kuning'inia.

"Unaona? Unalia," alisema. "Kesho kutwa hayo macho mawili yataanza kuvimba. Huu wa kukuonyesha tu, mingine bado naipumzisha."

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Ulaya mzabibu hulala. Baridi ikifika unapukutisha majani, unakaa miezi kadhaa kama mfu, na joto likirudi unaamka. Kwa hiyo wao huvuna mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha peke yake utaendelea kurefuka na kutambaa, majani mengi na matunda haba. Ni lazima mtu auambie: simama, anza upya.

"Kwa Wazungu baridi inatoka mbinguni," alisema mzee. "Hapa baridi ni huu mkasi."

Ukikata, unahesabu kama siku 120. Akikata mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinaaga, anavuna mwishoni mwa Agosti. Akikata Novemba, anavuna Machi. Misimu miwili kwa mwaka, shina lile lile. Lakini misimu hiyo haifanani. Zabibu ya Machi inakomaa ndani ya mvua: punje zinavimba maji, sukari inapungua nguvu, ubwiri unga unashambulia vichala na mkulima anazunguka na bomba la salfa. Zabibu ya Agosti inakomaa kwenye ukame. Haijapigwa na tone la mvua tangu ilipokuwa ua. Punje zake ni ndogo, na punje ikiwa ndogo, ganda linakuwa jingi kuliko maji. Sikujua wakati ule kwamba hapo ndipo jibu la aibu yangu lilipokuwa.

"Na maji ya kuifikisha Agosti?"

Akapiga mguu chini. Kabla ya kupanda, alichimba mitaro, akaijaza samadi na udongo wa juu, ili mvua ikinyesha ifungiwe humo. Wenye uwezo wamefunga mabomba ya matone, kama kwenye shamba kubwa la ushirika la Chinangali, wilayani Chamwino. Na chini ya bonde hili la Makutupora kuna maji mengi kuliko sura ya nchi inavyoonyesha: visima virefu vya Mzakwe, hatua chache kutoka hapa, ndivyo vinavyonywesha sehemu kubwa ya jiji la Dodoma. Tangu serikali ilipohamia kwa kishindo mwaka 2016, jiji limekua na kiu yake imekua. Mzabibu na wizara wanachota kwenye mtungi mmoja.

Mistari ya katikati ilikuwa bado na mzigo, na kinamama sita walikuwa wakivuna. Nilipewa kisu kidogo na kreti ya plastiki. Kazi ilionekana nyepesi kwa dakika kumi za mwanzo. Kichala kinashikwa kwa chini, kikonyo kinakatwa karibu na tawi, halafu kinageuzwa na kuchunguzwa: punje iliyooza inatolewa kwa ncha ya kisu, kwa sababu moja inachafua kreti nzima. Nyuki walikuwa wengi kuliko sisi. Vidole vyangu vilinata kwa sukari, kisha vikawa vya zambarau, kisha vyeusi, na rangi hiyo nilirudi nayo Dar es Salaam kwenye kucha. Mama aliyekuwa mstari wa pili alinitazama akasema, "Mwanangu, unakata au unabembeleza?" Hadi saa sita yeye alikuwa na kreti tisa, mimi tatu.

Hesabu ya bei ilipoanza, kicheko kilikwisha. Zabibu haina ghala. Mahindi yanasubiri bei, ufuta unasubiri bei. Zabibu iliyokatwa leo keshokutwa imeanza kuchacha yenyewe kwenye kreti. Mnunuzi analijua hilo. Kuna misimu, kinamama walisema, ambapo magari hayafiki na vichala vinaozea juu ya nyaya. Miaka ya 1980 palikuwa na kiwanda cha umma mjini, DOWICO, kilichonunua mavuno. Kiliposimama, wengi waling'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama. Ndiyo maana leo wakulima wengine hawauzi tena matunda peke yake. Wanajifunza kukamua.

Nilipelekwa Veyula kwa mama mmoja anayefanya hivyo uani kwake. Chini ya paa la mabati palikuwa na mashine ya kuponda yenye mkono wa kuzungusha, mapipa meupe ya plastiki yenye vifuniko, na ndoo zilizosuguliwa hadi zikang'aa. Usafi kwanza, alisema, mvinyo unaharibiwa na uchafu kabla ya kuharibiwa na kitu kingine. Aliniamuru ninawe tena, japo nilikuwa nimenawa.

Kisha akachukua punje moja ya ile nyekundu, nyeusi kabisa kwa nje, akaiminya juu ya kiganja chake. Matone yaliyotoka hayakuwa mekundu. Yalikuwa maji angavu, yenye umanjano kwa mbali.

"Sasa niambie, wekundu uko wapi?"

Nikatazama kiganja, nikatazama lile ganda lililobaki kati ya vidole vyake. Alilisugua kwenye kitambaa cheupe, likaacha mstari wa zambarau.

Mvinyo mweupe, aliendelea, unakamuliwa na maganda yanatupwa pale pale. Mwekundu unachachuka pamoja na maganda yake na mbegu zake. Alifunua pipa moja. Harufu ilinipiga puani: matunda, mkate, na kitu chenye kuchoma. Juu palikuwa na tabaka nene la maganda, kama ukoko wa pilau, limesukumwa na gesi inayopanda kutoka chini. Alishika mti wenye kibao mwishoni, akalizamisha lile tabaka taratibu, povu la waridi likapanda na kusinyaa. Anafanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa wiki moja na zaidi. Akilala bila kulizamisha, linakauka juu na kugeuka siki. Akiyatoa maganda mapema, siku ya pili au ya tatu, anapata mvinyo mwepesi wa rangi ya rozela. Akiyaacha, anapata mzito.

Neno "mzito" ndilo nililolifuata, nikamwomba alifungue. Alilieleza kwa vitu viwili. Cha kwanza ni sukari inayogeuka kuwa kilevi. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya kilevi. Kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 umetokana na zabibu iliyokuwa na karibu gramu 240 kwa lita. Jua la Dodoma linafika huko bila shida, na kilevi hicho kinaufanya mvinyo ujae mdomoni, uteleze polepole, uache michirizi kwenye ukingo wa bilauri. Cha pili kinaitwa tanini, na kinakaa kwenye ganda na kwenye mbegu.

"Tanini ndiyo nini, mama?"

"Umekulia wapi?"

"Muheza."

"Mabibo mmekula?"

Basi nikaelewa papo hapo. Mtoto yeyote wa pwani anajua kung'ata bibo ambalo halijaiva sawasawa: mdomo unabana, ulimi unakuwa kama umepakwa chokaa. Ni ukakasi. Ndizi mbichi inao, chai iliyokaa na majani kwenye birika usiku kucha inao. Tanini inakamatana na protini za mate na kuunyang'anya ulimi utelezi wake. Ndiyo maana unahisi ukavu hali umetoka kunywa. Kile nilichokiita ukali kwa rafiki yangu hakikuwa ukali. Kilikuwa ganda la zabibu ndogo ya Agosti, lililoloweshwa wiki nzima na kuachia kila kilichokuwa ndani yake. Na Kiswahili kilikuwa na jina lake tangu zamani, mimi ndiye nililiacha chini ya mkorosho.

Mama yule aliniuzia lita moja na nusu ya pipa jingine, kwenye chupa ya maji, akaniambia, "Usikaze kifuniko. Bado unapumua." Nilimsikia. Lakini kwenye daladala nilihofia kumwagia watu, nikakaza. Gesti, saa nane za usiku, niliamshwa na mlio kama wa tairi. Chupa ilikuwa imesimama juu ya meza karibu na shati langu jeupe. Kifuniko nilikikuta mlangoni. Dari ya chumba kile ina doa la zambarau hadi leo, isipokuwa kama wamepaka rangi, na asubuhi nilimlipa dada wa usafi fedha ya shuka bila ubishi. Sukari iliyobaki ilikuwa inaendelea kugeuka kilevi na hewa, na hewa haiombi ruhusa.

Nilikwenda na Hombolo, kaskazini mashariki ya mji, karibu na bwawa lenye jina hilo. Huko ndiko kilipo kiwanda cha CETAWICO, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ubia na Waitaliano, na mashamba ya jirani yamepandwa aina nyingine: Syrah, ambayo wengi huiita Shiraz, Teroldego na Marzemino kutoka Trentino, kaskazini mwa Italia, na Aglianico, zabibu ya kusini mwa nchi hiyo, inayosifika kwao kwa mvinyo mweusi wenye tanini nyingi. Kutembea kati ya mistari ya Aglianico huku mbuyu umesimama mwisho wa shamba ni jambo la kumfanya mtu anyamaze. Nilitembea kimya.

Mjini, jioni hiyo, nilijifunza neno jingine: mchuzi. Kwenye soko la zabibu mchuzi hauna uhusiano na wali. Mchuzi wa zabibu ni mvinyo ghafi ambao wasindikaji wadogo huuza kwa jumla kwa viwanda vikubwa, navyo huusafisha, huuchanganya na kuufunga. Mwingi unaishia kuwa kinywaji kitamu, kilichoongezwa sukari, kwa sababu ndicho kinachouzika haraka. Siulaumu utamu, nimelelewa nao. Lakini inauma kidogo kujua kwamba mzee wa Makutupora anahesabu macho mawili mawili, mama wa Veyula anazamisha maganda mara tatu kwa siku, halafu kazi yao inafunikwa na sukari ili mlaji kama mimi asikunje uso.

Sheria ya kodi imejaribu kuwasaidia: mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru mdogo kuliko ule unaotegemea zabibu za nje. Msaada mkubwa zaidi, nadhani, unakaa mdomoni mwa mnywaji.

Jumamosi, siku ya mwisho, nilikwenda mnadani Msalato. Asiyeijua Msalato hajaijua Dodoma. Ng'ombe na mbuzi wanabadilisha mikono upande mmoja, mitumba upande mwingine, na katikati moshi wa nyama umetanda kiasi kwamba unachagua mchomaji kwa pua. Nilinunua mguu wa mbuzi, ukakatwakatwa juu ya gogo, ukaletwa kwenye sinia na chumvi, pilipili ya kusaga na ugali wa mtama. Mwenyeji wangu mzee alikuwa amekuja na chupa yenye lebo safari hii, nyekundu, kavu, yaani isiyo na utamu, ya mavuno ya kiangazi kilichopita. Aliifungua mapema, akaiacha wazi kama nusu saa tukipiga soga. Hakukuwa na bilauri, tulinywea vikombe vya chai.

"Kwanza kula," alisema. "Usinywe na mdomo mtupu."

Nikatafuna kipande chenye mafuta ya pembeni, yaliyobabuka na kuacha utando kinywani. Kisha nikapiga funda. Ukakasi ulikuja kama mara ile, lakini haukukuta ulimi mtupu. Ulikuta mafuta na nyama, ukakamatana navyo, ukavisafisha na kuondoka. Kilichobaki ni ladha ya zambarau zilizoiva sana, moshi kidogo, na mwishoni kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Funda la pili lilikuwa laini kuliko la kwanza. Nilirudi kwenye nyama, nayo ikawa kama mpya. Mzee alikuwa ananitazama.

"Bado unataka soda?"

Habari zangu zilikuwa zimemfikia. Nilimsimulia mwenyewe siku ya kwanza.

Hukumu yangu ni hii. Mvinyo mwekundu mzito wa Dodoma si mgumu; tunaunywa vibaya. Tunauweka kwenye friji hadi unagandamana, tunaunywa peke yake kama soda, tukiona umebana tunauongezea sukari, halafu tunasema wa nje ndio mzuri. Ukikutana nao, soma lebo ya nyuma uone zabibu zimetoka wapi. Tafuta ulio mkavu. Upoze kidogo tu, uache upumue, na uwe na nyama ya mbuzi au ya ng'ombe mezani kabla hujamimina. Funda la kwanza likikubana, kumbuka mabibo, kisha chukua kipande kingine cha nyama.

Na ukitaka kuuona unakotoka, nenda mwishoni mwa Agosti. Shuka Dodoma, panda daladala ya barabara ya Arusha, na chupa ukiuziwa Veyula, usikaze kifuniko.